Naomba ushauri: alama nyuma ya vijiko vya bibi

Wakuu, habari za leo. Marehemu bibi, Upanga, katuachia sanduku la vijiko na uma za zamani. Nyuma ya mpini kuna herufi EPNS, kila moja kwenye kiboksi chake, halafu A1 na kibendera chenye W&H.

Mjomba kashikilia ni fedha tupu, twende kwa sonara Kariakoo ikayeyushwe. Mimi najua EPNS ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli uliopakwa fedha kwa umeme. Fedha tupu ya Uingereza ingekuwa na alama ya simba anayetembea. Na mgongo wa kijiko kimoja umeshalika, manjano inachungulia!

Kibendera nadhani ni cha watengenezaji Walker & Hall wa Sheffield, Uingereza. Je, mwaka vilipotengenezwa nausomaje? Dada keshazoea kuvisugua kwa stilwaya, nimevificha uvunguni.