Mjadala: Anayeacha ajira akafuate kazi ya moyo, gharama yake ailipe nani?

Mleta mada, Temeke

Nauleta hapa kwa sababu kikao cha ukoo kimeshindwa. Mpwa wangu ni mwalimu wa hesabu sekondari, amesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, na sasa ameandika barua ya kuacha kazi. Anataka kuchora Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali. Halalamikii mshahara, na hapo ndipo wazee walipochoka kabisa, maana angelia njaa wangemwelewa. Yeye anasema darasani anajiona mpita njia, ila akishika brashi hata kula anasahau.

Msimamo wangu ni huu: achore, ila kazi asiiache. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na akaendelea kuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, huku tenzi na vitabu vikitoka. Sijasikia mtu akisema mshahara ulimharibia ushairi. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alikuja mjini akahangaika na vibarua, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hardboard. Alipopata kazi hospitali ya Muhimbili aliichukua, na picha aliendelea kuzichora. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Miaka yake ya uchoraji haifiki hata mitano, na mtindo wote umebeba jina lake. Kama mwenye mtindo hakuona haya kuwa na ajira, huyu wetu anaona haya ya nini?

Kingine, kijana ni kifungua mimba. Nyuma yake kuna wawili wanasoma, na dada yangu hana kipato cha maana. Huo utulivu wa moyo anaoutafuta utakatwa kwenye matumizi ya wengine. Nataka kusikia wanaoona tofauti.

Mwalimu mstaafu, Dodoma

Umekuwa mpole mno, ndugu. Shule za kata zinalilia walimu wa hesabu na sayansi kila mwaka. Kuna watoto wanamaliza kidato cha nne hesabu wamefundishwa kwa kuokoteza. Huyu amesomeshwa kwa fedha ya umma, amepata nafasi ambayo maelfu ya wenzake wanaiombea mtaani, halafu anairudisha kwa sababu moyo haujatulia! Sisi tulipangiwa mikoa ambayo hatukuwahi kuiona hata kwenye ramani, na hakuna aliyetuuliza moyo unasemaje. Kazi ni kazi. Moyo utulie Jumapili.

Kijana wa Mbeya

Shikamoo Mwalimu. Naomba nitofautiane na wewe kwa adabu. Mkopo si sadaka, unalipwa. Mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na sheria haijamsahau aliyejiajiri: alipe asilimia 10 ya kipato chake au shilingi 100,000 kwa mwezi, ipi kubwa. Kwa hiyo deni halijali kama umeshika chaki au brashi. Na nafasi aliyoiacha, si ndiyo hiyo itakayompata mmoja wa hao maelfu uliowataja? Mimi naona ametoa ajira, hajaiba.

Mchoraji, Morogoro Stores

Nimesoma nikacheka kidogo, kwa sababu wote mnaongea kana kwamba kuchora ni kupumzika. Ngoja niwaeleze kazi ilivyo, kisha mumshauri huyo kijana.

Picha nyingi zinazotoka hapa Morogoro Stores, kituo chetu wachoraji wa Tingatinga jijini Dar es Salaam, ni za oda. Mwenye duka Zanzibar anasema anataka tembo na machweo, Kilimanjaro nyuma, ishirini za saizi moja. Unachora tembo wa kwanza kwa raha. Ukifika wa kumi na mbili mkono unakwenda wenyewe, akili iko kwenye kodi ya nyumba. Mwenye jina anauza mwenyewe kwa mgeni na bei anaipanga. Asiye na jina anauza kwa jumla, na hiyo picha ataiona dukani imepandishwa bei ambayo yeye hakuwahi kuiota. Ukibuni kitu kipya kikiuzika, wiki inayofuata jirani naye anacho. Huwezi kumkasirikia sana, maana hata wewe ulijifunza kwa kuiga. Wanafunzi wa kwanza wa Tingatinga wengi walikuwa ndugu zake na watu wa kwao, walikaa pembeni yake wakijaza rangi.

Halafu kuna msimu. Masika wageni wanapungua, na mchoraji asiyejiwekea akiba anajua maana ya Aprili. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, masika yale hayakuisha. Kuna wenzetu walirudi kulima, wengine wakaendesha bodaboda. Ushirika wetu ulisajiliwa mwaka 1990 ili tuwe na mahali na sauti, na umesaidia sana, lakini ushirika hauleti ndege.

Sasa mtaniuliza kwa nini bado niko hapa. Kwa sababu ya picha ambayo hakuna aliyeiagiza. Nikimaliza oda, natoa kitambaa changu, nachora ninachotaka: foleni ya daladala, msiba, mganga na wateja wake. Nyingine inakaa ukutani mwaka mzima. Hiyo ndiyo kazi ya moyo, na inalipiwa na wale tembo ishirini. Kwa hiyo huyo mpwa wako asidanganyike kwamba anaacha kazi ya kuchosha anakwenda kwenye kazi ya raha. Anaacha mwajiri mmoja, anapata waajiri kumi wasiojuana.

Ila na wewe mleta mada, hilo la kuchora baada ya kazi nalipinga. Mkono wa uchoraji unatengenezwa kwa saa nyingi mfululizo, karibu na mtu anayejua. Mashairi unaweza kuyatunga kichwani ukiwa ofisini. Rangi ya mafuta inataka ukae nayo, tabaka moja ikauke ndipo uweke nyingine. Mwalimu mwenye madaftari mia mbili ya kusahihisha atachora lini?

Mpaka hina, Mombasa

Ndugu zangu wa bara, na mimi nichangie. Nilikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Niliacha, sasa napaka hina na piko maharusi. Sijuti, lakini nina neno.

Mimi sikupata kikao cha ukoo. Nilipata mume wangu akiuliza chakula cha jioni kitatoka wapi. Mwanamume akiacha kazi kufuata moyo, watu wazima wanakaa wanajadili kipaji chake. Mwanamke akifanya hivyo anaambiwa amechoka kazi. Na huyo mwanamume anayefuata moyo, mara nyingi nyuma yake kuna mke au mama anayekaanga mahamri alfajiri ili nyumba isimame. Huyo naye moyo wake unataka nini? Hajaulizwa.

Biashara yangu ina mwezi mzima hauna harusi, Ramadhani. Mwezi wa Shaabani usingizi wangu ni wa saa tatu tu kwa usiku, wiki ya Idi vidole vinakufa ganzi, katikati ni ukame. Chama cha wanawake ndicho kilichonibeba mwaka wa kwanza. Na bima ya afya, ambayo kazini ilikuwa ikikatwa hata sijui, sasa yataka niilipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Huyo kijana aulizwe mambo kama hayo, si mapenzi yake ya brashi. Hayo tumeyasikia.

Nanyi mkitaja Shaaban Robert, mtajeni na Siti binti Saad. Alitoka Fumba akiuza vyungu, akaingia mjini Unguja akaimba, na sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Angebaki na vyungu kwa usalama?

Mleta mada, Temeke

Dada wa Mombasa, la mama nimelisikia, na jioni hii nitampigia dada yangu, maana kweli kikaoni tulimwongelea wala hatukumwachia nafasi ya kusema. Fundi wa Morogoro Stores, nikuulize jambo moja: utumishi wa umma unaruhusu mtu kuomba likizo bila malipo. Akipata mwaka, akakaa pembeni yako akijaza rangi, Aprili ikampitia na tembo ishirini wakampitia, si atajua? Akirudi darasani hakuna aliyepoteza. Akibaki, ameondoka akijua anakokwenda.

Mchoraji, Morogoro Stores

Aje. Ila asitegemee kuuza chake mwezi wa kwanza, na chakula ajitegemee.

Mwalimu mstaafu, Dodoma

Mmeshapatana vizuri. Huo mwaka wa likizo, kidato cha nne wa shule yake watafundishwa hesabu na nani? Mtu akiwa likizo nafasi yake haitangazwi, kwa hiyo hata hoja ya yule kijana wa Mbeya haipo tena. Nasubiri jibu.