Naomba ushauri: mashine ya betri ya kufungulia nati za tairi, mbio za vumbi Dodoma

Kijana wa Kizota:
Wakuu, habari za jioni. Natafuta impakti ya betri ya kubadilishia tairi uwanjani. Gari ni Altezza, tunakimbiza kwenye vumbi nje ya mji, na wili spana inatuchelewesha sana. Bajeti laki saba. Kuna moja nimeiona imeandikwa 88V, nguvu ya kuzungusha 1,800 Nm. Je, inatosha au nitafute yenye nguvu zaidi? Jumamosi haiko mbali, naombeni majibu ya haraka.

Zabibu Kavu:
1,800 Nm kwa Altezza? Unafungua tairi au unang'oa reli ya SGR?

Fundi Stadi:
Mkuu, nati za Altezza ni M12 × 1.5 (unene milimita 12, nyuzi za skrubu zimeachana milimita 1.5), soketi namba 21, zinakazwa kwa 103 Nm. Kama zilifungwa sawasawa, mashine ya 300 Nm inazifungua hata zikiwa na vumbi. Makita DTW300 ina 330 Nm, hatua nne za nguvu na kichwa cha nusu inchi. Kwa kazi yako hiyo imefika. DeWalt DCF899 ni 950 Nm. Mwenye nati kubwa zilizoshika kutu ndiye anayeihitaji.

Hiyo 88V ni stika tu. Betri za aina hiyo huwa na seli tano mfululizo, kila moja 3.6V, jumla 18V. Ikijaa chaji inasoma 21V. Ndiyo maana "20V" ya kampuni moja na "18V" ya nyingine ni kitu kilekile. Betri ya kweli ya 5Ah (kiasi cha chaji) yenye seli ndogo ina seli kumi, safu mbili za tano, na uzito wake unapita nusu kilo. Iweke kwenye mizani ya duka la jirani kabla hujatoa hela. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu, umeuziwa boksi.

Mzee wa Ipagala:
Vijana, mbio si mchezo. Halafu kitu msichokijua ni jua la Dodoma. Betri ya lithiamu hupaswi kuichaji ikiwa imepita nyuzi 40, na ukiiacha ndani ya gari lililofungwa saa saba mchana unaiua taratibu. Iwekeni kivulini, ipoe kwanza, ndipo muichomeke kwenye jenereta. Na wazazi wenu wanajua mnakokwenda?

Zabibu Kavu:
Mzee, mwache. McLaren wa mbio za F1 walibadilisha tairi nne kwa sekunde 1.80 kule Qatar mwaka 2023, na sisi tunaelekea huko.

Dada Gereji:
Gari la F1 lina nati moja kila tairi, na bunduki zao hazitumii betri, zinaendeshwa kwa hewa. Tusidanganyane.

Kaka wa Kizota, impakti ni ya kufungulia na kurudishia nati, si ya kukazia mwisho. Tairi ikitoka, piga brashi ya waya uso wa habu (kitovu kinachoshika tairi) na mgongo wa rimu, kwa sababu vumbi lililobanwa pale husagika gari likitembea na nati zinalegea. Anza kila nati kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu. Kisha mashine kwenye hatua ya chini kabisa, ukiruka nati moja moja mpaka umalize zote tano. Shusha jeki hadi tairi iguse chini isizunguke, malizia na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Breki zikishapoa, rudia kukagua. Na stadi, zile bolti za habu zinazoingia nati, usizipake grisi! Toki ileile kwenye nyuzi zenye grisi inavuta stadi zaidi ya inavyotakiwa.

Swali langu: kwa nini umeng'ang'ania nguvu kubwa? Kuna kilichotokea?

Kijana wa Kizota:
Asante dada. Sawa, niseme tu. Stadi mbili zilikatika nyuma kushoto. Muuzaji amesema mkono hauwezi kukaza vya kutosha, ndiyo maana zikakatika, kwa hiyo nichukue mashine nzito. Na laki mbili nimeshampa kama kianzio. Lakini ina swichi ya kupunguza nguvu, nadhani itafaa tu.

Msema Chochote:
Wakuu, hii chai. Dodoma kuna uwanja gani wa mbio za magari? Huyu ndiye muuzaji mwenyewe. Kaja na "nimeiona moja", kataja 88V, kesho anaweka namba ya simu. Uzi ufungwe.

Zabibu Kavu:
Kweli, picha hakuna. Chai ya moto, tena ya maziwa.

Kijana wa Kizota:
Sijasema ni uwanja wa lami. Ni eneo la wazi, tunapanga koni wenyewe. Ningekuwa nauza ningesema stadi zimekatika?

Fundi Stadi:
Chai tunaipima kirahisi. Shika kipande cha stadi iliyokatika, kitazame penye mwanga. Pamekuwa pembamba kama pamevutwa, au pamekatika bapa?

Kijana wa Kizota:
Bapa. Sehemu kubwa ni laini, ina mistari ya upinde upinde kuanzia ukingoni, halafu upande wa pili kipande kidogo kina chembechembe.

Fundi Stadi:
Hiyo huitungi kichwani. Ingekazwa kupita kiasi ingevutika na kuwa na shingo. Mistari ya upinde ni ufa uliokua kidogo kidogo kwa kupindwapindwa, na chembechembe ni pale palipobaki pakaachia ghafla. Rimu ilikuwa inacheza. Una speza, zile sahani za kusogeza rimu nje?

Kijana wa Kizota:
Ndiyo, milimita 10, za kuchomeka tu. Bila hizo tairi inasugua shokapu, kwa hiyo kuzitoa siwezi.

Dada Gereji:
Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo! Nati inapoingia kwenye stadi inazunguka mara ngapi mpaka igande?

Kijana wa Kizota:
Nne na nusu.

Dada Gereji:
Kwa M12 × 1.5 unahitaji angalau nane, yaani milimita 12 za nyuzi. Wewe una karibu saba. Halafu speza ya kuchomeka huenda imefunika mdomo wa habu wa milimita 60.1 unaoweka rimu katikati, hivyo stadi ndizo zinazobeba kila kitu. Toa stadi zote tano za upande huo, hata zilizobaki zimechoka, na upande wa pili vilevile. Weka ndefu zaidi zenye meno ya kubania kwenye habu ya kipenyo kilekile, na speza yenye mdomo wa 60.1. Mashine ya 1,800 Nm hapo ingekung'olea nyuzi tu.

Msema Chochote:
Basi nimefuta kauli. Nusu.

Kijana wa Kizota:
Nimempigia. Hela harudishi, anasema nichague kitu kingine dukani.

Fundi Stadi:
Chukua spana ya toki inayoanzia 40 Nm mpaka 200 Nm, na soketi nyeusi ya 21 ya impakti, yenye ukuta mwembamba na ganda la plastiki ili usikwaruze rimu. Soketi inayong'aa usiichomeke kwenye impakti, hupasuka. Ikibaki chenji, jekistendi mbili na kipande cha mbao ngumu cha kuweka chini ya jeki, vumbi lile linadidimia.

Kijana wa Kizota:
Na Jumamosi?

Dada Gereji:
Jumamosi kapange koni.