Linda Nchi: tulikwenda kuzima moto au tuliuleta nyumbani?

Ndugu zangu, najua humu mna watu waliomzika kaka au mtoto aliyeletwa kutoka Somalia ndani ya jeneza. Hoja yangu haiwagusi askari. Inagusa uamuzi wa waliowatuma.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka wa Somalia kuwafuata wapiganaji wa Al-Shabaab, operesheni ikaitwa Linda Nchi. Sababu twaikumbuka. Wageni walitekwa Kiwayu na Manda, visiwa vya Lamu, mmoja akauawa, kisha wafanyakazi wawili wa misaada wakachukuliwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Serikali ikasema haiwezi kukaa kimya, na hapo naiunga mkono. Lakini kulinda mpaka ni jambo moja, na kwenda kukaa ndani ya nchi ya watu miaka kumi na zaidi ni jambo jingine. Hili la pili ndilo nataka tulijadili, kwa sababu mimi ni mtu wa Lamu na nimeona lilivyolipiwa.

Ami yangu ni mvuvi wa Kizingitini. Maisha yake yote alitoka baada ya isha, karabai mbele ya mashua, akarudi alfajiri. Samaki wake walivuliwa usiku. Vita vilipoanza, uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa sababu za usalama, na marufuku hiyo ikakaa miaka. Ami akawa anatoka jua limechomoza, anarudi adhuhuri na samaki wa kitoweo, wa kuuza hamna. Mashine ya mashua aliiuza. Nakumbuka alivyoifunga kwa gunia, kimya, kama mtu anayemfunika maiti. Hakuna aliyemuuliza kabla, na hakuna aliyemfidia baadaye.

Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasikanyage Mombasa, na ndege zikaja kuwachukua watalii kabla likizo zao kuisha. Hoteli nyingi za pwani zilifunga milango. Mwezi uliofuata likatokea la Mpeketoni, huku kwetu Lamu, watu zaidi ya 60 wakauawa. Al-Shabaab walisema ni wao na wakataja majeshi yetu Somalia. Serikali ikasema ni siasa za humu humu. Vyovyote iwavyo, sisi tulibaki na amri ya kutotoka nje usiku na mabasi yanayosindikizwa na polisi njia ya Garsen.

Wanaotetea operesheni husema: "Tusingekwenda, wangetujia." Basi tuangalie. Kismayo ilitekwa mwishoni mwa Septemba 2012, na kuwanyang'anya Al-Shabaab bandari ile lilikuwa pigo la kweli, silikatai. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2013, duka kubwa la Westgate, Nairobi: waliouawa 67. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa: 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado vitandani. Januari 2019, hoteli ya Dusit, Nairobi: 21. Na mmoja wa waliovamia Garissa alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Kijana yule alikuwa wa hapa hapa nyumbani. Ukuta wa askari uliowekwa Jubaland, upande wa Somalia, ungemzuia vipi?

Hapa ndipo naona kosa kubwa. Tulipeleka nguvu mbali, na nyumbani tukawageuzia kisogo watu ambao wangetusaidia. Aprili 2014 maelfu ya Wasomali walizolewa Eastleigh, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wazee kwa watoto. Mtu uliyemlaza kwenye sakafu ya uwanja wa mpira kwa sababu ya kabila lake, kesho atakuja kukunong'oneza habari za jirani anayemtilia shaka? Linganisha na Desemba 2015 karibu na Mandera, abiria Waislamu walipokataa kutengana na wenzao Wakristo ndani ya basi. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafa mwezi uliofuata. Ulinzi wa namna hiyo hauna bajeti, na ndio tuliouumiza wenyewe.

Ndugu zetu Watanzania watasema 1978 Mwalimu Nyerere hakubaki mpakani. Amin alivamia Kagera, akafuatwa hadi Kampala, Aprili 1979 akaondoka. Ni kweli, na Amin mwenyewe ni ushahidi wa mtawala aliyeponzwa na uvamizi wake. Ila Amin alikuwa na mji mkuu wa kutekwa. Kampala ilipoanguka utawala wake ukaisha. Hawa wa sasa ukiwatoa mjini wanalala msituni. Na hata ushindi ule haukuwa wa bure: wananchi waliambiwa wafunge mikanda miezi 18, na miaka baadaye watu walikuwa bado kwenye foleni ya sabuni na sukari.

Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010 kinataka Bunge liidhinishe kabla ya wanajeshi kupelekwa nje. Mwaka 2011 walivuka kwanza, Bunge likaletewa suala baadaye. Tangu hapo AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia ambacho majeshi yetu yalijiunga nacho, imekuwa ATMIS, na 2025 ikawa AUSSOM. Jina limebadilika mara mbili, lakini mvuvi wa Kizingitini, mwalimu wa Mandera na mwenye duka wa Liboi, mji wa mpakani, ambaye 2023 aliahidiwa mpaka utafunguliwa kisha ikaahirishwa, hawajaulizwa hata mara moja.

Msimamo wangu: askari warudi kwa awamu wakalinde mpaka na msitu wa Boni, Bunge lipige kura ya wazi kuhusu tarehe ya mwisho, na waliopoteza riziki kwa amri za usalama wafidiwe. Wewe unayetaka tubaki, nakuomba jibu moja la wazi: tuone nini huko Somalia ndipo tujue kazi imekwisha?