Mtoto wa miaka 15 anafikishwa mahakama ya watoto: kuna haja ya wakili?

Mama_Mdogo
Habari zenu humu. Mtoto wa dada yangu, miaka 15, amekamatwa na wenzake kwa kesi ya simu ya wizi. Yuko nje kwa dhamana, wiki ijayo anafikishwa mahakama ya watoto. Askari mmoja alimwambia dada, tena kwa upole, kwamba kule hakuna cha wakili, mtoto akikubali kosa mapema anapewa onyo na kurudi nyumbani. Dada keshashawishika. Mtoto mwenyewe anasema alipewa simu aishike tu, hakujua imetoka wapi. Ni kweli mawakili hawahitajiki? Na akikubali, haitamfuata ukubwani?

Kipanga
Akubali yaishe. Hakimu wa watoto hana shida, ukibishana naye ndiyo unamkera. Na kesi inasikilizwa faragha, hakuna atakayejua.

Mzee_wa_Ripoti
Kipanga, hapo kwenye faragha uko sawa. Kwingine nakupinga. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, nikiandikia mahakama hizi ripoti za watoto mpaka nikastaafu.

Chumba chenyewe kweli ni cha upole. Mzazi anakaa pembeni ya mtoto, watazamaji hawaruhusiwi, hakimu anaongea taratibu. Lakini amri inayotoka mle inaweza kumtoa mtoto kwao kwa miaka. Mwaka 1964 huko Arizona, Marekani, Gerald Gault, miaka 15, alishtakiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Alikamatwa wazazi wakiwa kazini na hakuna aliyewaarifu. Wakili hakuwepo, mlalamikaji hakukanyaga mahakamani, na kijana akaamriwa kukaa shule ya marekebisho hadi miaka 21, labda waamue kumwachia mapema. Mtu mzima kwa kosa hilo hilo angelipa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa isiyozidi miezi miwili! Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema mtoto naye ana haki ya kujulishwa mashtaka, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi na kukaa kimya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 40, nao unataka mtoto apate msaada wa kisheria na asilazimishwe kukiri.

Ushauri wa yule askari una chimbuko lake. Nchi nyingi zina utaratibu wa kumaliza jambo nje ya mahakama, kwa onyo au kwa kumlipa aliyeibiwa, na sharti lake ni mtoto akubali kosa kwa hiari. Sasa huyu wenu anasema hakujua. Kosa la kupokea mali ya wizi kwa kawaida linasimama pale tu ikithibitika alijua, au alikuwa na sababu ya kujua. Akikiri ili arudi nyumbani, amekiri kitu ambacho yeye mwenyewe anakikana.

Ripoti yetu huja baadaye, kosa likishathibitika. Nilikuwa naenda nyumbani, nauliza nani anamwamsha asubuhi, naomba madaftari ya shule niangalie tarehe zilipokatikia. Inamsaidia hakimu kuamua afanyiwe nini. Kama kosa lipo au halipo, hiyo si kazi ya ripoti.

Rekodi: kuna nchi zinaifunga au kuifuta akifikia umri fulani, kwingine mpaka uombe. Muulizeni wakili, na kama hela hakuna, ombeni msaada wa kisheria kabla ya tarehe ya kesi.

Mama_Mdogo
Shikamoo mzee, asante sana. Kuna kitu sikukisema: mmoja wa hao wenzake ana miaka 19. Kina shida?

Mzee_wa_Ripoti
Marahaba. Kina shida kubwa, ungeanza nacho. Sehemu nyingi mtoto akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi inaweza kusikilizwa mahakama ya kawaida, na hapo ule upole wote sahau. Wakili aulize mapema kama mashtaka yanaweza kutenganishwa. Dada abebe cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki, au barua ya shule. Umri ukibishaniwa bila karatasi, wanaishia kumpima meno na mifupa, na kipimo hicho ni makadirio tu. Wakimrudisha mahabusu, dada aulize hapo hapo kama atatengwa na wakubwa, maana ibara ya 37 ya mkataba ule inataka hivyo.

Kipanga
La huyo wa miaka 19 sikulijua. Tafuteni wakili.