Mrejesho: bekari nimepata, pa kula nusunusu

Wakuu habari zenu, mwezi uliopita niliwauliza mtu akihamia mji mgeni anajuaje pa kula vizuri na bekari yenye mkate wa maana, leo narudi na mrejesho.

Ushauri ulionisaidia kuliko wote ni wa kuuliza mkate unatoka saa ngapi kwenye oveni. Bekari ya kwanza muuzaji akababaika, kumbe wanaletewa tu na gari, ya tatu dada akanijibu hapohapo, saa 12 asubuhi na saa 9 mchana, nikarudi saa 9 nikakuta foleni. Mkate nikaugonga kwa chini ukalia kama ngoma, ganda linapasukapasuka ukilibonyeza, ndani vitundu vikubwa kwa vidogo, aisee nusu yake niliumaliza njiani. Na aliyesema nisiuweke kwenye friji asante sana, miaka yote nilikuwa naharibu, ile baridi inafanya wanga ukakamae haraka kuliko ukiuacha mezani, siku hizi naukata vipande naweka friza natoa wa kula tu.

Pa kula bado naendelea kutafuta ila ule ushauri mwingine mlionipa, wa kuchagua penye menyu fupi, ni kweli kabisa. Penye menyu ya kurasa 8 nilisubiri dakika 40 chakula kikaja katikati cha baridi, penye vyakula vitano tu, mchana pamejaa wafanyakazi wa jirani, nimesharudi mara nne.

Keki nzuri ndo bado, nikipata nawaambia.