Yule bonge wa ngumi za utosini kwenye muvi za kauboi, ni Mmarekani au?

mkeka_wa_mbele:
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa mmoja bonge la mtu, midevu, kila muvi yuko na yule mwembamba wa macho ya bluu, tulikuwa tunawacheki kibanda umiza enzi za kaseti, kiingilio shilingi 50 mnabanana chini. Ngumi yeye harushi mbele kama watu, anakunja anakushushia utosini kama anapigilia msumari, unabaki umesimama macho yamepinda halafu ndo unadondoka. Jana nabishana na dogo ananiambia yule sio Mmarekani. Mwenye uhakika aseme, tumewekeana dau la chipsi mayai.

babu_wa_deki:
Lipa mkuu 😂 Yule ni mtu wa Napoli, Italia kabisaa. Bud Spencer ni jina la kazi, la kwao ni Carlo Pedersoli, kazaliwa 1929. Kipindi kile Waitaliano wanatengeneza kauboi zao wenyewe ila majina ya kwao waliona hayauzi, basi kila mtu anajibatiza Umarekani. Yeye Bud kaitoa kwenye bia ya Budweiser, Spencer kwa mapenzi yake kwa muigizaji Spencer Tracy. Na yule mwembamba, Terence Hill, ni Mario Girotti wa Venice, mama yake Mjerumani.

chumvi_kidogo:
Halafu watu hawajui yule alikuwa muogeleaji wa timu ya taifa. Mwaka 1950 akawa Mwitaliano wa kwanza kumaliza mita 100 mtindo huru chini ya dakika, sekunde 59.5, akaenda Olimpiki ya Helsinki 1952 na Melbourne 1956. Mabega yale ni ya maji sio ya kunyanyua vyuma. Muvi wala hakuwa na haraka nazo, alipitapita tu kama askari kwenye Quo Vadis ya 1951, akaenda zake Amerika Kusini kupiga kazi, akarudi, 1960 akamuoa Maria Amato binti wa prodyuza, na bado ustaa hakuna. Mpaka 1967 anakaribia miaka 38 ndo anapangwa na Hill, na hata Hill aliitwa dakika za mwisho maana steringi mwenyewe aliumia mguu. 1970 ikatoka ile ya Trinity, Hill anakomba maharage kwenye kikaango na mkate, basi kazi imeisha.

mkeka_wa_mbele:
Dah. Ila ile sauti nzito si yake jamani?

babu_wa_deki:
Hapo ndo utachoka. Kwenye Kiitaliano chenyewe muvi nyingi aliwekewa sauti ya Glauco Onorato, lafudhi ya Napoli ilikuwa imemkolea mno. Yani Waitaliano nao walimuangalia kwa sauti ya kuazima, kama sisi na kina Lufufu waliokuwa wanatutafsiria muvi kwa sauti zao tu.

sina_bando:
Mimi naona Hill ndo alikuwa muigizaji, huyu alikuwa anakunja sura tu. Ila ukimtoa muvi hainogi, hilo nakubali. Alifariki Roma Juni 2016 akiwa na 86, na mwaka uliofuata Budapest wakamsimamishia sanamu, Wahungari walimpenda balaa.

mkeka_wa_mbele:
Nimemuonyesha dogo uzi wote, sasa anadai na mishikaki miwili juu. Hiyo hatukukubaliana.