Kufuta bodi ya mafundi bomba kunaokoa fedha za nani?

Wakuu, hoja iliyopata wafuasi wengi hapa ni kwamba majimbo ya Marekani yafute bodi za leseni za ufundi (mafundi bomba, mafundi umeme, wasusi), kazi yake ihamishiwe idara moja kubwa, na bajeti ya jimbo itapumua. Napinga, na napinga nikiwa nimeshika hiyohiyo bajeti.

Bodi nyingi za aina hii haziendeshwi kwa kodi za wananchi. Fundi analipia mtihani, analipia leseni, analipia kuihuisha kila muda wake unapokwisha, na akivunja masharti anapigwa faini. Bunge la jimbo ndilo linaloidhinisha matumizi, lakini hela yenyewe imetoka mifukoni mwa mafundi. Ukifuta mshahara wa mkurugenzi na pango la ofisi, matumizi yamepungua, sawa. Ukifuta na leseni, ada nazo zimekwenda. Na pale ambapo ada huzidi gharama na ziada ikaingia mfuko mkuu wa jimbo, kama ilivyo Texas, atakayeumia ni huohuo mfuko mkuu. Kwa hiyo anayeleta hesabu ya matumizi bila ya mapato hajaleta hesabu.

Tuitazame Texas. Kule kila bodi ina tarehe ya kufa kisheria, bunge lisipoiongezea muda. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya bodi ya mafundi bomba. Tume iliyoichunguza ilipendekeza kazi yake ihamie idara ya jumla ya leseni ya jimbo. Wabunge wakavutana, kikao kikafungwa bila muswada kupita, na ghafla si bodi tu bali sheria nzima ya leseni za mabomba ikawa inaelekea kufutika. Gavana Greg Abbott ilibidi atumie mamlaka ya dharura yaliyotokana na Kimbunga Harvey cha 2017 kuirefushia maisha hadi 2021, na mwaka huo bunge likaamua ibaki bodi inayojitegemea. Mzunguko wote huo, ukarudi palepale.

Jiulizeni ingekuwaje kama ingekufa kweli. Miji ingelazimika kujitungia masharti, kuajiri watahini na kushughulikia malalamiko yenyewe. Gharama ingekuwa imehama tu, kutoka kwenye ada za mafundi hadi kwenye bajeti za miji. Tena fundi bomba wa Texas hafungi sinki tu. Anapitisha gesi majumbani, na mwenye idhini maalumu anafunga mabomba ya oksijeni hospitalini. Kiungo kibovu kikishafunikwa na ukuta, mgonjwa hana namna ya kukikagua. Mimi hili linaniuma kuliko hesabu zote.

Kuna waliosema mfumo mmoja wa kompyuta utapunguza gharama. California walijaribu kuweka mfumo wa pamoja kwa bodi zao, BreEZe. Mwaka 2009 makadirio yalikuwa takriban dola milioni 28. Kufikia mwanzoni mwa 2015 yalikuwa yamefika takriban milioni 96, na hapo ni kwa nusu tu ya bodi zilizokusudiwa. Fedha hizo nazo zinatoka kwenye ada.

Sisemi bodi ni takatifu. Zipo zinazotumia leseni kuwafungia mlango wanaotaka kuingia kwenye kazi hiyo, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, iliamua kuwa bodi inayotawaliwa na watu wa soko hilohilo haikingwi dhidi ya sheria za ushindani mpaka jimbo liisimamie kikamilifu. Huo ni ugonjwa wa kweli. Dawa yake ni usimamizi, na usimamizi unagharimu, kwa hiyo nao uandikwe kwenye hesabu.

Ombi langu kwa mnaotaka kufuta: leteni makadirio yanayoonyesha ada zitakazopotea, gharama ya kuhamisha kumbukumbu na watumishi, na mzigo utakaoangukia miji. Kama bado kuna akiba, basi mtuambie itarudi kwa mafundi walioichangia kwa kupunguziwa ada, au itamezwa na mfuko mkuu. Hilo la mwisho hakuna aliyeligusa tangu mjadala uanze.